Risala ya Darasa la Sita kwa Meya Tuliyemmwagia Maji ya Kabichi

Mgeni rasmi, Bwana Meya Tihomir Kalchev. Mwalimu wetu Rositsa. Na bibi zetu mliojaa huko nyuma: karibuni sana.

Sisi, wanafunzi wa darasa la sita hapa Brestovina, tunafurahi kuona mguu wako umepona. Anayesoma ni Zlatina. Aliomba asitajwe kwenye habari ya maji ya kabichi. Tumekataa.

HISTORIA FUPI

Mwaka jana, majira yote ya baridi tulicheza vita kwenye kompyuta za shule. Katika mchezo ule, asiye na jina juu ya kichwa ni adui, na ukichelewa kumpiga umekwisha. Tukatoka na mambo hayo mpaka nje. Mama wa posta akipita, tunajificha nyuma ya kuni. Mzee Gencho na mundu wake begani, ndiyo usiseme!

Ikafika siku ya kukeri, wafukuza mabaya wa kijiji. Baba zetu wakavaa ngozi za mbuzi, vinyago, na kengele viunoni, wakaja kufukuza mabaya katika ua wa shule kama kila mwaka. Tumewaona tangu tuzaliwe. Lakini siku ile Zlatina alichungulia dirishani, akaona maadui tisa.

"Wameingia kushoto! Mwageni!"

Tukamwaga kupitia dirishani pipa zima la jikoni, la maji ya kabichi iliyochachuliwa kwa chumvi. Aliyetangulia akateleza kwenye barafu, chali, mguu ukavunjika.

"Jamani, ni mimi! Meya wenu!"

"Wote husema hivyohivyo!" akajibu Milko, akaongeza ndoo.

Zlatina alicheka mpaka kinyago kilipokutoka, akakuona unalia. Mgeni rasmi, alikosa usingizi siku mbili.

MAFANIKIO

Sasa tunacheza Jumamosi tu. Na Jumatano, tusidanganye. Mama wa posta tunamsalimu kwa jina. Mzee Gencho kumbe mifuko imejaa peremende, hana neno na mtu.

CHANGAMOTO

Tumesikia kesho kukeri watapita shule bila kuingia. Ua wasioingia, mabaya hubaki humo mwaka mzima. Tunaogopa kweli.

OMBI

Ni moja tu: ingieni. Ngozi yako tumeifua mara tatu. Mayai na maharage ya kuwatunza yapo.

Jana Zlatina aliuliza, "Na wakiingia tukaogopa tena?"

Boyko, mdogo kuliko wote, akasema, "Si tuogope tu! Ila geti tuwe tumeshalifungua."

Mungu akujalie afya, na kengele zako zisikike hadi ng'ambo ya mto.

Ni sisi wanao,
Darasa la Sita, Shule ya Brestovina