Swali la Saba la Bi Shamsa

Bi Shamsa Gharibu ameandikia watu kwa miaka ishirini na sita: kumi na minne kwenye meza yake ya barua karibu na bandari ya Kismayu, na kumi na miwili katika ofisi yetu ya ruzuku za biashara ndogo. Tarehe 30 Juni anastaafu. Kumsifu nimepewa mimi, Abdulmalik Nassoro, nahodha wa boti ya ofisi. Wasomi wako tele humu ndani, ila wao wamekaa vitini. Aliyekwenda naye visiwani ni mimi. Shule niliishia darasa la nne, lakini niliyoyaona kwa huyu mama hata darasa la ishirini hayafundishwi.

Ruzuku ni msaada wa serikali kwa biashara za vijijini, nao haurudishwi. Lakini hauji kwa dua peke yake. Yatakiwa fomu ya kurasa kumi na moja, kwa Kisomali cha maofisini, kile ambacho hata Wasomali wenyewe hukisoma wamekunja uso. Bi Shamsa alizibeba fomu hizo katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Mwaka mmoja wimbi lilitupindua karibu na kisiwa cha Ngumi, wimbi refu kuliko msikiti, na mimi sina desturi ya kuongeza. Nikapiga mbizi kumtafuta. Kuibuka, namwona Bi Shamsa anaelea, buibui limelowa chapachapa, ndoo iko juu ya kichwa, fomu kavu kama biskuti. Watu husema nilimwokoa. Kweli ni kwamba mimi nilishika ndoo.

Lakini jambo lililonifunga mdomo, mimi nisiyefungika, ni la kisiwa cha Chovae.

Kina mama wa Chovae, mkubwa wao Twahira Badi, walikuwa wakikausha samaki na kuuza. Joto likizidi, nusu yao huoza. Wakaomba ruzuku ya jokofu la sola. Wakanyimwa. Mwaka wa pili wakaomba tena, wakajibiwa kwamba wao si watu wa vijijini. Chovae! Kijiji kimezungukwa na maji pande zote, kisha si kijiji! Twahira akaleta neno: hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Ikirudi, chama kinavunjwa, na kila mmoja achukue wanawe awafuate jamaa Mombasa. Nyumba tisa zilikwisha anza kufunga mizigo.

Bi Shamsa akazitoa zile fomu mbili za nyuma, akazisoma kutwa nzima bila kunywa chai. Kisha akacheka peke yake. Swali la saba liliuliza idadi ya xoolo. Neno hilo la Kisomali ni mali, na ni mifugo pia. Watu wetu walilisoma mali, na mtu wa kisiwani hajisifu mali mbele ya serikali anapoomba. Wote wakaandika: hatuna, twamshukuru Mungu. Ofisini wakasoma: hawana ng'ombe wala ngamia, basi hawa ni watu wa mjini.

Zilibaki siku tatu kabla ya mwisho wa kupokea fomu, Alhamisi adhuhuri. Tukavuka. Boti niliiendesha hata kivuli chake kikachelewa kufika, na bado Twahira alinipokea ufukweni kwa maneno: "Ami Abdulmalik, hii ni boti au kitanda? Twakungoja tangu jana!"

Bi Shamsa akawakalisha wale mama, akawahesabisha nyavu, madema ya kunasia samaki, mashua na vichanja vya kukaushia. Wakaona haya, wakasema kujitajia vitu ni kujitafutia kijicho. Akawaambia, "Kijicho kina dawa. Fomu tupu haina."

Alhamisi asubuhi nilisimama naye mbele ya afisa anayepitisha maombi. Penye swali la saba alikuwa ameandika kwa Kisomali, maana yake hii: Mifugo yetu haili majani. Iko baharini, na kila siku twaenda kuichunga.

Afisa akacheka. "Mama, tangu lini samaki akawa ng'ombe?"

"Mwanangu, ng'ombe wako akifa, wanao hula nini siku hiyo?"

"Hulala njaa."

"Basi na wetu ndivyo."

Yule kijana akausoma ule mstari tena, akaenda kumwita mkubwa wake, naye akausoma amesimama. Ndugu zangu, nimeona papa mwenye urefu wa boti mbili, sikushtuka. Siku ile nilishtushwa na mstari mmoja wa wino.

Jokofu lilifika. Mizigo ikafunguliwa, nyumba zote tisa. Na fomu za leo, swali la saba lasema: mifugo, au nyavu na mashua. Nendeni mkasome.

Wiki iliyopita Twahira alivuka kuja kumuaga, akamletea zawadi yenye kamba shingoni: mbuzi jike, mweupe, mwenye kelele. Akasema hataki Bi Shamsa akijaza fomu yake mwenyewe akwame kwenye swali la saba.

Bi Shamsa, ahsante kwa kila mstari. Mungu akupe afya, kivuli na maziwa. Wakikuuliza xoolo, usione haya. Andika: mmoja.