Uvimbe wa Mkono wa Filda

Wapendwa waombolezaji, kabla sijaisoma karatasi hii, mimi Ondoga, kaka wa marehemu, niliyezunguka na lori hadi Juba na Kisangani na kurudi na akili ileile, nakiri kwamba jana, niliposhuka na kuona mkono wa dada yangu umevimba, nilitangaza mbele yenu kuwa shemeji Ambroise amemtilia sumu, kisha nikaketi nikala sahani mbili za maharagwe aliyopika yeye mwenyewe, na kwa maneno yangu hayo wajomba zetu wamemkataza kumzika mkewe.

Filda Candiru alizaliwa Manibe tarehe 12 Machi 1941, akasoma Ombaci hadi 1956, akajifunza kazi ya maabara, na Februari 1971 akapelekwa zahanati moja ya Koboko, alikopima damu na usaha kwa hadubini. Tarehe 6 Mei 1972 alifunga ndoa na Ambroise, muuza vitenge kutoka Kongo, wakajaliwa Angelo na Santa.

Mwaka 1974 nilimletea kidole cha mguu kilichojaa usaha, nilichokificha wiki nzima kwa aibu, akaniinamisha kwenye hadubini, nikaona chembe nyeupe zimelala kama ng'ombe ndani ya ukungu, akanieleza polepole kwamba hao ni walinzi tunaozaliwa nao, hawakufundishwa na mtu, mdudu akipenya jerahani wanamtambua kwa ganda lake, ambalo miili yetu haina, basi wanaitana, mishipa inapanuka, pale panavimba na kupata moto, wanammeza, na wengi wao wanafia papo hapo. "Usaha iko maiti yao, Ondoga," alisema, "usione haya, shukuru."

Tarehe 28 Mei mwaka huu, 1976, kioo cha hadubini kilivunjika kikamchoma kidole, mkono ukavimba, Ambroise akamleta Arua, na katika homa Filda alimwambia kwamba anawasikia walinzi wakipita ndani yake, wengi, kimya, kama watu waendao sokoni Ajia. Wadudu waliingia kwenye damu, walinzi wakazidiwa, akafariki Jumatano, tarehe 9 Juni.

Uvimbe ule, wajomba, haukuwa sumu, walikuwa wao wakimpigania, nami niliyeonyeshwa kwa macho yangu nilisahau.

Tunawashukuru madaktari, majirani na wafanyakazi wenzake. Dada, lala kwa amani, pamoja na walinzi wako wote.

Naongeza hapa chini kwa ajili ya watoto wake: mjomba Dramadri hakungoja nikunje karatasi.

"Mkwe atazika bibi yake. Wewe kaa chini."