Bi Sumu Anastaafu, Mnanaha Bado Unauzwa

Baada ya miaka thelathini na minne katika maabara ya hospitali yetu, mkemia mkuu anastaafu tarehe 30 Juni. Tunamwita Bi Sumu, jina alilojipa mwenyewe alipobandika tangazo mlangoni: "Ukinywea chai humu, usinilaumu. Ni mimi, Bi Sumu." Uongozi umeniomba niandike machache ya kufurahisha. Nimejaribu, lakini moyo umekataa.

Bi Sumu ni bingwa wa mnanaha, ule mmea wa maua meupe kama tarumbeta unaojiotea majalalani. Ndani yake mna atropini, kemikali inayokausha mate, kupanua mboni za macho na kulegeza njia za hewa. Ikipimwa kitaalamu, humwokoa mkulima aliyedhurika na dawa ya kuulia wadudu. Isipopimwa, humtia mtu wazimu, kisha humtia kaburini. "Mti mmoja, jani hili na lile sumu yake haifanani," huwaambia wauguzi wapya. "Haya, niambie utapima kwa kijiko gani?"

Miaka minane iliyopita kampuni moja ilianza kuuza unga wa pumu. Chupani wameandika: "Ya asili, haina madhara." Ya asili! Kwani sumu ya nyoka inatoka kiwandani? Tukaanza kuletewa wagonjwa waliokauka midomo, wakipunga mikono kufukuza wadudu wasiokuwapo. Mmoja wao, fundi cherehani aliyeacha watoto wadogo, alifia mikononi mwetu. Bi Sumu akanunua chupa kadhaa madukani, akazipima. Zote zilikuwa mnanaha mtupu, na nguvu ya sumu ilipishana vibaya sana kati ya chupa na chupa.

Akampelekea majibu mkurugenzi wa wakati ule. Nilikuwapo.

"Usituharibie, dada yangu," mkurugenzi akasema. "Hawa ndio waliotujengea wodi."

"Ndiyo hiyo wodi nilimotoka kumfunika fundi shuka," Bi Sumu akajibu.

Akatoka, akaenda moja kwa moja kwa wagonjwa wa nje, akapanda juu ya benchi na kuitaja dawa ile kwa jina, mbele ya kila mtu. Kesho yake akahamishiwa stoo, akunje mashuka. Mkemia mzima! Alipokuwa huko, unga ule uliwaua mzee mmoja na msichana wa sekondari. Ndipo ukapigwa marufuku, na mkurugenzi yuleyule akaenda redioni kujisifu kwamba ni yeye aliyewalinda wananchi. Bi Sumu alirudishwa maabara bila hata neno pole.

Hakununa. Alifungua dirisha la kupima dawa za mitishamba bure, na foleni haikukatika. Wala hakuwachukia waganga. Mmoja wao ni shoga yake mkubwa, na wakibishana kuhusu mizizi, jengo zima huwasikia wakicheka.

Mwezi uliopita unga uleule ulirudi madukani, lebo mpya, maneno yaleyale. Tumeshanunua chupa, na majibu tutayasoma hadharani, benchi tunalo.

Bi Sumu, ahsante kwa kila pumzi uliyoiokoa. Nenda ukalale hadi jua likuchome, ucheze na wajukuu, unenepe. Mungu akupe uzee mtamu. Hasira yako tuachie sisi. Bado ina kazi hapa.