Hewa ya Jana

"Leo hukimbii mbio za shule," Bibi Turan alimwambia mjukuu wake Golnar, mwenye pumu, ndani ya basi la Tehran.

"Bibi, unamdekeza," abiria wa mbele akageuka na simu yake. "Tazama kipimo cha uchafu wa hewa, rangi ni ya manjano. Si mbaya."

Bibi Turan alivaa miwani taratibu, akasoma mpaka maandishi ya chini. "Wastani wa saa ishirini na nne, mwanangu. Jana upepo ulivuma ukapeperusha moshi. Hii ni hewa ya jana."

"Wewe na wataalamu, nani mjuzi?"

"Wataalamu hawakeshi na kifua cha mtoto huyu. Bonyeza hapo, 'saa hii'."

Akabonyeza. Ikatoka rangi nyekundu, ya hatari.

"Labda mtambo umekosea," akanung'unika.

Basi likasimama penye shule. Golnar akainuka. Bibi akamkalisha. "Kwa nyekundu hii, hata shule huendi. Dereva, funga mlango twende!"