Njugu Chini ya Gunia la Pilipili

Nawasalimu nyote, wenyeji wa Kitale na sisi tuliotoka Bungoma na baridi ya asubuhi. Mwenyekiti ameniomba mara mbili nizungumze juu ya pilipili na Texas, na mara mbili nikakataa. Leo nimekubali kwa sababu nasikia kuna vikundi hapa viko karibu kutuma mzigo wa kwanza Amerika. Sitaki mtu apite nilipopita mimi. Majina ya watu sitataja. Langu mnalijua.

Miaka hiyo simu za mkono ndizo zilikuwa zinaanza kufika kwetu Naitiri. Wageni walikuja hapa Kitale kutoka jimbo la Texas kutafuta wakulima wa kufanya biashara nao, na mmoja alikuwa na kiwanda kidogo cha sosi ya pilipili. Sisi tulikuwa wamama thelathini, tunapanda pilipili kali ile ndogo. Mimi nilikuwa katibu, kwa maana ndimi niliyejua Kizungu. Mgeni huyo akaja mpaka kwangu. Nikampa chai na njugu za kukaanga, na ndugu zangu, nawaambia, huyo mzungu alikula njugu! Sahani ilipoisha aliiangalia tu, nikajua, nikamwongezea. Akasema tumtumie mzigo mmoja wa kujaribu. Ukifika vizuri, atanunua kwetu kila msimu.

Tulifanya kazi, bana. Pilipili inachumwa moja moja, inaanikwa juu ya turubai, inatolewa vikonyo kwa mkono. Mikono inawaka mpaka kesho yake. Mama mwenye mtoto mchanga alikuwa anamnyanyua kwa viwiko. Lakini tulijaza magunia, nikaandika karatasi zote zilizotakiwa.

Sasa sikilizeni kosa langu. Kwetu mgeni aliyekula nyumbani kwako hutamwacha aende mikono mitupu, na yeye alikuwa ameondoka haraka bila kufungiwa kitu. Nikawaambia wamama kila mmoja alete njugu kidogo zilizofungwa kwa karatasi, tuweke ndani ya kila gunia, chini kabisa. Walifurahi sana. Mmoja tu ndiye aliuliza, mjane mmoja mtu mzima ambaye hasemi sana.

"Katibu, hizi njugu umeandika kwa barua ya mzigo?"

Nikacheka. "Mama, zawadi gani inaandikwa? Ukiandika si inakuwa ya kuuza?"

Wenzake wakacheka pia. Kicheko hicho bado kinaniuma.

Mzigo ukaenda. Baadaye nilikuja hapa Kitale kwa saiba kusoma barua pepe. Yule mnunuzi aliandika kwa huzuni. Walipofungua magunia bandarini kwao walikuta njugu ambazo hazikuandikwa kwa barua ya mzigo. Kule kuna watu wakionja njugu hata punje moja koo inafunga, wanaweza kufa, na unga wa njugu ulikuwa umeshaingia kwa pilipili. Mzigo wote uliteketezwa. Aliuliza ilikuwaje, na kama bado tunataka kuendelea.

Sikumjibu. Nilizima ile kompyuta nikaketi pale mpaka mwenye saiba akaniuliza kama ni mgonjwa.

Alhamisi tukakutana kama kawaida, wamama wote macho kwangu. Nilikuwa nimepanga kusema. Mdomo ukasema, "Meli imechelewa." Alhamisi iliyofuata, meli imechelewa. Ya tatu mmoja akaniuliza, "Lakini mzungu alisema nini kuhusu pilipili yenyewe?" Nikasema aliipenda, ati anataka zaidi. Nilisema hivyo ili waniache. Ndugu zangu, uwongo wa kwanza nilisema kwa woga, lakini huo wa pili niliupamba mwenyewe. Nilikuwa mzee wa kanisa wakati huo, na Jumapili nilisimama nikaomba mbele ya watu.

Wiki moja baadaye nilikuwa kwa baiskeli naenda sokoni. Nikapita kwa yule mjane, nikamkuta shambani anang'oa maharagwe. Si kuvuna. Anang'oa, na yamejaa maua.

Nikasimama. "Mama, hayo maharagwe yana nini?"

"Hayana kitu," akasema. "Natengeneza nafasi ya pilipili. Si umesema wanataka zaidi?"

Alikuwa analea wajukuu wanne, na hayo maharagwe ndiyo yalikuwa chakula chao. Niliangusha baiskeli nikaketi kwa udongo, nikamwambia yote: njugu, moto, barua, meli ambayo haikuchelewa. Nililia. Yeye hakulia. Alikuwa ameshika maharagwe mkononi bado.

Akayaangalia, akasema, "Yalikuwa yametoa maua."

Nikasema, "Nisamehe, mama."

"Alhamisi utasema wewe mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Akainama, akaanza kurudisha kwa udongo yale yaliyokuwa na mizizi. Nikainama pia. Mengi yalikauka.

Alhamisi nilisema. Wengine walinitukana, na walikuwa na haki. Walinitoa kwa ukatibu hapo hapo. Nilikuwa nimeshasimama niende nyumbani, yule mjane akasema, "Keti. Kizungu tutatoa wapi? Andika barua." Wakasema kwa Kibukusu, mimi naandika. Mwambie ni sisi tulikosa. Mwambie tulidhani ni heshima. Mwambie atufundishe kufunga mzigo, na akikataa tutaelewa.

Hakukataa. Alisema alidhani tumekasirika ndiyo maana tulinyamaza, na angetungoja kama tungemwambia mapema. Mama mmoja wa ofisi ya biashara ya jimbo lao akatutumia sheria zao zote, na afisa wetu wa kilimo akatusomea pole pole, siku tatu. Msimu uliofuata tulifunga upya. Mjane alisimama mlangoni mwa chumba cha kufungia akikagua leso na mifuko ya kila aliyeingia, mimi akanikagua mara mbili. Mzigo ulipokelewa. Mpaka leo tunatuma.

Nashukuru wamama wa kikundi changu, walionishusha cheo na hawakunifukuza. Nashukuru yule mnunuzi na wale waliotufundisha.

Na nyinyi mnaojiandaa, mkituma kitu andikeni kila kilichomo, hata kile mmeweka kwa upendo, kwa sababu anayefungua kule hajui mlikuwa mnamaanisha nini. Na ukikosa, sema siku hiyo hiyo. Kosa langu liliteketeza pilipili. Kunyamaza kwangu kuliingia kwa sufuria ya watoto.

Yule mama yuko hapa leo, ameketi viti vya nyuma, na sitasema ni yupi. Mama, wajukuu wako msimu ule walilala na uji peke yake, na mimi nilijua ni kwa nini. Pale shambani nilikuomba nikilia, lakini mbele ya watu sijawahi kukuomba. Leo nakuomba mbele yao wote. Nisamehe.