Mzee Kizza Anaacha Mtama Shambani

Baada ya miaka kumi na minane kazini, Mzee Erifazi Kizza anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Mtama wake wa mwisho bado haujakomaa, na hilo linatuuma sisi pengine kuliko yeye.

Alikuja Juba kutoka Kamuli, Uganda, akawa fundi wa mashamba katika kituo chetu kidogo cha majaribio ya nafaka hapa Gumbo. Swali lililomganda ni moja: je, mbolea ya potashi husaidia jani la mtama kutunza maji jua linapokuwa kali? Alitueleza kwamba jani lina vijitundu vya kupumulia. Mmea wenye potashi ya kutosha huvifunga mapema maji yanapopungua. Ulioikosa huchelewa, ukanyauka. Basi adhuhuri, sisi tukitafuta kivuli, yeye alikata majani, akayapima uzito, akayaloweka hadi yashibe, akayapima tena, kisha akayakausha na kuyapima mara ya mwisho, ajue yalikuwa yamebakiza maji kiasi gani.

Hatutasahau msimu ambao vitalu visivyotiwa potashi vilistawi kuliko vilivyotiwa. Mzee alizunguka shamba ameshika kiuno. Kumbe Mama Nyapal, mpishi wetu, aliionea huruma mistari ile iliyojikunja kwa kiu, akawa anaimwagia majivu ya jikoni kila asubuhi, na majivu yana potashi! Kazi ya msimu mzima ikaenda na maji. Mzee alicheka hadi akaketi chini, kisha akamwomba huruma hiyo aihamishie kwenye bamia.

Lakini kila msimu ulioharibika, iwe kwa majivu, mafuriko au mapigano ya 2016, ulimchelewesha kurudi nyumbani. Mkewe, Mama Fortunate, alibaki Kamuli. Kila mwaka Mzee alimwahidi kurudi baada ya mavuno, na kila mwaka akaongeza msimu mmoja. Jioni alikaa langoni akitazama mabasi ya kwenda Nimule, mpakani mwa Uganda. Tulimtania kwamba anataka kazi ya utingo. Ilikuwa hamu tu, na sote tulijua.

Mwezi uliopita vitalu vyenye potashi vilisimama wima mchana kutwa, vya jirani vikiwa vimelala. Ndicho alichokingoja miaka yote. Tulimsihi abaki hadi mavuno. Alilitazama shamba, machozi yakamlengalenga, akasema, "Hapana. Mama Fortunate amechoka kungoja. Mimi iko nakwenda. Hii mtama itakomaa hata kama mimi haiko."

Asante, Mzee, kwa kutufundisha kazi na kutuvumilia. Nenda salama, tayari tuna hamu nawe, na tunakuombea maisha matulivu huko Kamuli. Majani tutayapima wenyewe. Matokeo yakitoka tutampigia simu Mama Fortunate kwanza, maana ameyangoja kuliko sisi sote.

Sunday Loku, kwa niaba ya wenzako wa Gumbo