Mama Usisuuze na Chupa Kumi na Sita

Ndugu wafiwa, majirani na marafiki.

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake marehemu, yule aliyemwachia ziwa. Nimeuandika mara nne. Kila mara kalamu iliandika "anafanya" mahali pa "alifanya", nikachana karatasi. Jumatano iliyopita, saa kama hizi, alikuwa akinigombeza kwa simu kwa kuwa nilinunua vizibo vya saizi isiyofaa. Leo ndiye ninayemsomea wasifu. Akili yangu bado haijakubali.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1960, katika chumba cha nyuma cha nyumba za wafanyakazi wa reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba alikuwa mpiga ishara wa treni, mama fundi cherehani. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alikikataa kikombe alichonywea mwenzake hata kabla ya kujua kutembea.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, kisha sekondari hadi 1977. Darasa la sita mwalimu wa sayansi aliwapa vipande viwili vya mkate: kimoja wakishike kwa mikono michafu, kingine kwa mikono iliyonawa, halafu wasubiri siku tano. Marehemu alivileta vyote nyumbani. Kimoja kilikuwa kimeota ukungu wa kijani. Tangu siku ile alitukagua mikono kabla ya kula, na baba naye hakuachwa.

Baada ya mafunzo ya uuguzi msaidizi, aliajiriwa hospitalini tarehe 1 Februari 1982, katika chumba cha kutakasa vyombo vya upasuaji. Alikaa humo hadi alipostaafu, tarehe 31 Machi 2020. Wagonjwa hawakumjua, maana alikuwa nyuma ya mlango wenye kidirisha kidogo, akipokea visu vyenye damu na kuvirudisha vikiwa tayari. Usione vyaelea, vimeundwa. Siku moja daktari wa upasuaji aliangusha mkasi, akaufuta kwa kitambaa na kutaka kuendelea. Marehemu alimnyang'anya. "Daktari, huu umeufuta tu," alimwambia. "Wadudu hawajui kama wewe ni daktari." Daktari huyo yuko hapa leo, amekaa mstari wa pili, na amekubali nikisimulie kisa hiki.

Mumewe, fundi wa majokofu, alikuja mwaka 1987 kutengeneza jokofu la maabara. Akampa mkono. Marehemu akautazama. "Nawa kwanza," akasema. Akanawa. "Tena." Akanawa mara ya pili. Shemeji husema hapo ndipo alipojua kwamba ameshakwisha. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Agosti 1988, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike.

Mwaka 2006 shemeji alileta nyumbani jokofu lililomshinda mwenyewe, na marehemu akaamua kulitumia kutengenezea bia ya shayiri. Wengi wenu mmeinywa, msijifanye hamjui. Kazi ya hospitali akaihamishia jikoni. Aliosha ndoo, mpira wa kumiminia na chupa kwa sabuni mpaka mashapo yote yatoke, akasuuza. Kisha akaja na dawa ya kutakasa, vyombo vikalowa dakika kumi kwa saa ya ukutani. Baada ya hapo, maji ya bomba ni marufuku. Dawa ile haimdhuru mnywaji ikichanganywa kwa kipimo chake, na povu lake liliachwa lilivyo. "Kuosha ni kwa ajili ya macho," alisema. "Kutakasa ni kwa ajili ya usiyemwona. Nataka bia yangu ichachuke, sitaki ichache."

Jina la Mama Usisuuze nimelisababisha mimi. Mwaka 2011 aliniachia chupa thelathini zilizokwisha kutakaswa. Nikaona povu, nikamwonea huruma dada yangu kwamba amesahau, nikazisuuza zote kwa maji ya bomba. Tukazijaza bia, na wiki ya tatu zikaanza kupasuka kabatini, na shemeji, mtu mzima na heshima zake, akajitupa chini ya meza. Zilizosalia zilikuwa kali kama siki. Marehemu alionja, akatema, akaniambia kwa upole, "Haya, saladi tunayo." Kisha akaandika ukutani, juu ya bomba, kwa herufi kubwa nyekundu: USISUUZE. Watoto wa jirani ndipo walipojifunzia kusoma.

Sasa ilipaswa kufuata habari ya ugonjwa wake. Marehemu hakuugua. Mwaka 2022 aliambiwa ana presha, akapewa vidonge na kuagizwa ajipime kila wiki. Joto la ndoo ya bia alilipima asubuhi na jioni, akaliandika daftarini. Daftari hilo tumelipekua lote. Presha yake imo mara mbili tu. Nimemkasirikia dada yangu kwa hilo, na nasema mbele yenu kwamba bado nimekasirika.

Alhamisi, tarehe 5 Juni 2025, saa tisa na robo alasiri, tulikuwa jikoni tukijaza chupa arobaini kwa ajili ya arusi ya binti yake. Ishirini na nne zilikuwa zimejaa na kuzibwa. Nikaichukua ya ishirini na tano huku napiga soga, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye bomba. Akasema, "Usi..."

Hakumaliza. Nilicheka, nikidhani ananitania. Nilipogeuka alikuwa sakafuni.

Alifariki katika hospitali ileile aliyoitumikia, saa kumi na dakika ishirini jioni. Nilimwomba daktari arudie alichosema. Akarudia. Nikamwomba tena.

Maneno yalifika nyumbani kabla yetu: kauawa na bia yake. Asubuhi ya Ijumaa wifi yake, kwa uchungu wake, akaishika ndoo. "Mwageni yote! Na hizo chupa zivunjeni!"

Ndugu zangu, barua ya daktari anayo shemeji, na anayetaka aisome: mshipa wa damu ulipasuka kichwani. Marehemu hakuonja hata tone siku ile. Hakuwa na desturi ya kuonja akiwa kazini. Miaka thelathini na minane alihakikisha kwamba hakuna mtu atakayedhurika na chombo kilichotoka mkononi mwake. Kuimwaga bia ile kungekuwa kukubali kwamba alitudhuru mwishoni. Nikakataa.

Ndoo ilikuwa na kifuniko chake. Mpira niliudondosha mimi sakafuni, na chupa kumi na sita zilikuwa zimelala wazi usiku mzima. Nikaanza upya: sabuni, maji, dawa, dakika kumi kwa saa ya ukutani. Nikazitoa na povu lake. Bomba lilikuwa palepale, na mkono wangu nao ulikuwa uleule. Sikuzisuuza. Nikajimiminia glasi moja kutoka kwenye ndoo, nikainywa yote mbele ya wifi yake. Ni siku ya tano leo, nami nimesimama mbele yenu. Wifi yake akanawa mikono, akanawa tena, akaanza kunipa vizibo kimoja kimoja.

Shemeji amesema arusi haiahirishwi. Tarehe 28 Juni chupa zote arobaini zitafunguliwa, na aliyesema kauawa na bia yake amekaribishwa.

Marehemu ameacha mume, mtoto wa kiume ambaye ni dereva wa lori, binti ambaye ni bibi arusi mtarajiwa, wajukuu watatu, ndugu wanne, na ukuta wenye neno moja ambalo hatutalipaka rangi.

Dada, sikulisikia mpaka mwisho, lakini nimelielewa. Vyombo vyote viko safi. Pumzika.